Jumuiya, kwaya au Lejio: mgeni wa parokia aanzie wapi?

Mtu akihamia Kisumu au Nakuru, Jumapili ya kwanza huwa nyepesi. Anafuata kengele, anaingia kanisani, anasali, anarudi nyumbani. Kichwa huanza kuuma wiki ya tatu, pale anapoanza kusikiliza matangazo ya mwisho wa misa. Kwaya inatafuta sauti ya tatu na ya nne, zile za wanaume. Lejio ya Maria wanakutana chini ya mti mara tu baada ya baraka. Jumuiya fulani inasafisha kanisa Jumamosi, nyingine inaongoza misa Jumapili ijayo, CWA (chama cha akina mama Wakatoliki) wakumbuke sare. Kila mwaliko ni mwema, na hakuna hata mmoja unaotaja saa zitakazokwenda, pesa zitakazotoka, wala nani atakayekuja kwako siku ukipatwa na jambo.

Hapa tunaiweka milango mitatu mikubwa ya parokia ya Kikatoliki ya mjini bega kwa bega, yaani jumuiya ya majirani, kwaya, na Lejio ya Maria ambayo ni chama cha sala na kutembelea watu, kisha tunagusa vyama vingine kwa ufupi. Msimamo wetu tunautoa mapema ili usitafute mwishoni: jumuiya haishindani na kwaya wala na Lejio. Ingia jumuiya kwanza, ndani ya mwezi wako wa kwanza ukiweza. Chama cha pili ukichague baadaye, kiwe kimoja tu, na ukichague kwa kuangalia ratiba yako ya wiki kabla ya kuangalia sare.

Jumuiya ndogo ndogo

Maaskofu wa Afrika Mashariki, katika mkutano wa AMECEA, umoja wa mabaraza yao, uliofanyika Nairobi mwaka 1973, waliamua kwamba maisha ya Kanisa yajengwe kuanzia kwa majirani wanaojuana, na mkutano wa 1976 ukaitilia nguvu kazi hiyo. Ndiyo maana leo, uwe Nyalenda, Migosi au Manyatta kule Kisumu, au Kaptembwa, Lanet au Free Area kule Nakuru, nyumba unayopanga tayari iko ndani ya mipaka ya jumuiya yenye jina la mtakatifu, hata kama hujui. Hauombi kupokelewa kama mwanachama wa klabu. Unaishi hapo, basi ni yako.

Kuipata ni kazi ya dakika kumi. Baada ya misa mwendee katekista au karani wa ofisi ya parokia, mtajie mtaa, ploti na alama iliyo karibu (shule, zahanati, steji ya matatu). Atakupa jina la jumuiya na namba ya mwenyekiti. Ukienda mara ya kwanza beba vitu viwili: barua ya utambulisho kutoka jumuiya au parokia uliyotoka, na cheti au kadi yako ya ubatizo yenye namba ya daftari. Barua hiyo wengi huipuuza, kisha huihangaikia miaka mitano baadaye wakati mwenyekiti wa zamani ameshahama na hakuna anayewakumbuka. Iombe kabla lori la kuhamisha vyombo halijafika.

Mkutano wenyewe ni mara moja kwa wiki, nyumba kwa nyumba, saa moja hadi saa moja na nusu. Jumuiya nyingi hutumia njia ya Hatua Saba iliyotayarishwa na taasisi ya Lumko ya Afrika Kusini. Kwanza tunamkaribisha Bwana kwa sala fupi. Pili tunasoma Injili ya Jumapili ijayo. Tatu kila mmoja anataja neno au kifungu kilichomgusa, anakirudia taratibu mara mbili tatu bila maelezo. Nne tunanyamaza, dakika tatu hadi tano. Tano tunashirikishana tulichokisikia moyoni. Sita tunaulizana: Neno hili linatutuma kufanya nini wiki hii, nani atakwenda na lini? Saba tunasali kwa maneno yetu wenyewe na kufunga.

Njia hii huharibikia mahali palepale kila mara. Hatua ya nne hurukwa kwa sababu kimya kinawatia watu wasiwasi, na kiongozi asiye na saa mkononi hukikatiza baada ya sekunde ishirini. Hatua ya tano hugeuka mahubiri: mtu mmoja, mara nyingi anayejua Biblia kuliko wengine, anazungumza dakika kumi na tano na mama aliyetaka kusema sentensi moja anaondoka nayo. Mwongozaji aseme tangu mwanzo kwamba kila mtu ana dakika mbili, na aseme kwa nafsi yake, "mimi neno hili limenigusa hivi", siyo "nyinyi mnapaswa". Hatua ya sita ndiyo hufa kabisa. Ikifa, jumuiya inabaki kusali na kuchanga pesa, haimtembelei mgonjwa wala haimfuati kijana aliyeacha shule. Ukitaka kujua kama jumuiya uliyoikuta ni hai, uliza swali moja tu: wiki iliyopita mlikubaliana kufanya nini, na kilifanyika?

Kuna jaribu la chai. Mahali ambapo mwenyeji anatarajiwa kupika chai na mkate kwa watu ishirini, wenye chumba kimoja huanza kusema wanasafiri zamu yao ikifika, na baada ya miezi michache mkutano unazunguka nyumba nne za wenye uwezo. Jumuiya zinazodumu hufanya kanuni kuwa maji tu, au hapana kitu, na kanuni hiyo humbana tajiri sawasawa na maskini. Chumba kikiwa kidogo, mabenchi yatolewe nje uwanjani. Majirani wa madhehebu mengine wakisikiliza si hasara.

Pesa ndilo jaribu kubwa zaidi. Kuna zaka inayoandikwa kwenye kadi au bahasha na kupelekwa parokiani, kuna mchango wa msiba, kuna mchango wa ujenzi, kuna zamu ya kumhudumia padre, na kwingine kuna mzunguko wa akina mama uliojiingiza kimyakimya. Vikichanganywa kwenye M-Pesa ya mweka hazina mmoja, ugomvi ni suala la wakati tu, hata kama mtu huyo ni mwaminifu kabisa. Utaratibu unaosaidia ni huu: daftari lenye safu tofauti kwa kila mchango, watu wawili wanaosaini, na jumla kusomwa kwa sauti wiki inayofuata. Mambo ya pesa yawekwe baada ya sala ya kufunga, dakika kumi, yasiingie katikati ya Neno. Na mzunguko uwe na siku yake pengine, kwa hiari, kwa maana asiye na mia mbili ya mzunguko ataona haya kuja kusali.

Kwaresima ndiyo saa ya jumuiya. Maaskofu wa Kenya, kupitia Tume ya Haki na Amani, hutoa kitabu cha Kampeni ya Kwaresima chenye mada tano, moja kwa kila wiki: mchoro, kisa, maandiko na maswali. Mkutano wa wakati huu hufuata mtindo wa kuona, kuamua na kutenda. Mgeni akijiunga majuma hayo atawafahamu majirani upesi kuliko wakati mwingine wowote, kwa sababu mada ni mambo yanayomkabili kila mtu, ufisadi, ajira, familia, na watu husema ya moyoni.

Tumesema jumuiya ni mlango wa kwanza. Sababu ni za vitendo. Mtoto wako akibatizwa, paroko anahitaji mtu wa kumthibitishia kwamba mtoto atalelewa katika imani, na mtu huyo kwa kawaida ni mwenyekiti wa jumuiya. Msimamizi wa ubatizo anapaswa kuwa na umri wa miaka 16 na zaidi, awe amepata kipaimara na ekaristi, na asiwe baba wala mama wa mtoto. Mkiweka wawili, mmoja awe mwanamume na mwingine mwanamke. Mgeni asiye na jumuiya huishia kumwita rafiki wa kazini ambaye hakuna anayejua kama amekamilisha sakramenti, na siku ya semina jina linakataliwa. Kwa ndoa, pamoja na cheti cha ubatizo kilichotolewa karibuni (parokia nyingi hutaka kisizidi miezi sita), kuna mazungumzo yanayoanzia kwenye jumuiya, kisha matangazo ya kanisani.

Halafu kuna msiba. Kanda hii mtu akifia mjini mara nyingi huzikwa nyumbani kwao, Siaya, Homa Bay, Vihiga au Bungoma. Anayekuja na rozari jioni ile ya kwanza, anayeandika barua kwa parokia ya nyumbani, anayejua gari linaondoka mochari saa ngapi, ni jumuiya. Kwaya itaimba siku ya ibada, na hilo ni faraja kubwa. Lakini usiku wa pili, wa tatu na wa nne kabla ya mazishi hubaki na majirani.

Kwaya

Kwaya ndiyo inayovutia zaidi, hasa vijana, na ndiyo inayodai zaidi. Kwaya ya kawaida ya parokia hufanya mazoezi mara mbili kwa wiki, mara nyingi siku moja ya kazi kuanzia saa kumi na moja jioni na Jumamosi alasiri, saa mbili kila mara. Jumapili waimbaji wanatakiwa kufika nusu saa kabla. Ukiongeza muda wa safari na misa yenyewe, hii ni kazi ya saa sita kwa wiki, na mwalimu mzuri hatakuruhusu uimbe Jumapili ikiwa umekosa Jumamosi. Yuko sahihi: sauti ya pili ikiwa na watu watatu wasiojua wimbo, inaburuta wote.

Kuna jaribio la sauti, lisikutishe. Mwalimu anatafuta upeo wa sauti yako, uwezo wa kushika noti ukiwa umesimama karibu na mtu wa sauti nyingine, na utayari wa kujifunza nota. Nyimbo nyingi za Kiswahili zimeandikwa kwa nota za do, re, mi, na mtu makini huzisoma ndani ya miezi michache. Wanaume wachache huwa kilio cha kila kwaya, kwa hiyo mwenye sauti ya tatu hupokelewa haraka hata kama anaanza kutoka sifuri.

Uzuri wa kwaya ni kwamba unajifunza liturujia kwa mwili wako. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika konstitusio ya liturujia ya tarehe 4 Desemba 1963, ulifungua mlango wa lugha za watu na muziki wa kienyeji, na magharibi ya Kenya imeupokea kwa mikono miwili: kayamba, ngoma, orutu (fidla ya uzi mmoja) kwa upande wa Nyanza, isukuti kwa Waisukha na Waidakho wa Kakamega. Isukuti hupigwa ngoma tatu kwa pamoja, kubwa, ya kati na ndogo, na mwaka 2014 UNESCO iliiweka kwenye orodha ya urithi unaohitaji kulindwa kwa haraka. Misa ya mavuno yenye isukuti wakati wa matoleo humpa hata mtoto wa miaka minne sababu ya kukumbuka siku hiyo.

Ila ngoma zina majira yake. Katika Kwaresima ala zinaruhusiwa kwa kusindikiza uimbaji tu, isipokuwa Jumapili ya nne na siku za sherehe na sikukuu. Utukufu hauimbwi Jumapili za Majilio wala za Kwaresima; Aleluya huondolewa Kwaresima lakini hubaki Majilio, na hapa kwaya nyingi changa huchanganya. Maneno ya Utukufu, Mtakatifu na Mwanakondoo hayabadilishwi kwa wimbo mwingine wenye maana inayokaribiana, hata uwe mtamu namna gani. Wimbo wa katikati ni zaburi ya siku hiyo, kutoka kitabu cha masomo. Masomo ya Jumapili yana mizunguko mitatu, A, B na C, na mwaka unaogawanyika kwa tatu bila salio ni mwaka C: 2025 ulikuwa C, 2026 ni A. Hesabu ya mwaka wa Kanisa huanza Majilio, mwishoni mwa Novemba au mwanzoni mwa Desemba, kwa hiyo mwalimu aangalie mwaka unaokuja, siyo kalenda ya ukutani.

Kipimo cha kwaya ni Mkesha wa Pasaka. Usiku ule una masomo tisa, saba ya Agano la Kale na mawili ya Agano Jipya. Padre anaweza kupunguza yale saba, ila yabaki angalau matatu kwa kawaida, na somo la Kutoka, sura ya 14, halirukwi kamwe. Kila somo lina zaburi au wimbo wake. Ongeza Utukufu unaorudi kwa kengele, Aleluya ya mara tatu, litania ya watakatifu wakati wa ubatizo na nyimbo zote za kawaida za misa. Kwaya inayoanza kuyafanyia mazoezi haya baada ya Jumapili ya Matawi imechelewa. Anzeni wiki ya kwanza ya Kwaresima. Na wewe unayefikiria kujiunga, jiulize kama kazi yako itakuachia Alhamisi Kuu, Ijumaa Kuu, Jumamosi usiku na Jumapili asubuhi mfululizo. Muuguzi wa zamu, mlinzi, mfanyakazi wa mashamba ya maua ya Naivasha anayepangiwa zamu kila wiki, wote watateseka kwenye kwaya inayotoza faini kwa kukosa mazoezi. Kosa si lao wala la kwaya. Mahali tu si pao kwa sasa.

Makosa mawili yanaiharibu kwaya kutoka ndani. La kwanza ni nyimbo mpya kila Jumapili. Waamini hawazijui, wananyamaza, na kanisa zima linageuka ukumbi wa kutazama. Dawa ni kushikilia Mtakatifu na Mwanakondoo uleule kwa majira mazima, na kuingiza wimbo mpya mmoja tu kwa mwezi, tena uanzie kwenye shukrani ambapo watu wametulia. La pili ni kurekodi. Kwaya inapoamua kutengeneza albamu na video, michango ya studio, sare mpya na safari za kupiga picha kandokando ya ziwa au Menengai hupanda haraka, na wasioweza kulipa huondolewa kwenye video, kisha polepole kwenye mazoezi. Kabla hujajiunga uliza wazi: je, mwaka huu kuna mpango wa kurekodi? Sare ni ngapi na shilingi ngapi? Anayeshindwa hufanywa nini? Jibu la swali hilo la tatu litakueleza roho ya kwaya ile kuliko sauti zao.

Lejio ya Maria

Kanda hii lazima tuanze kwa kutenganisha majina. Legio Maria ni kanisa linalojitegemea, lililotokana na Wakatoliki wa Nyanza mwanzoni mwa miaka ya 1960, nalo lina viongozi na ibada zake. Lejio ya Maria tunayoizungumzia ni chama cha walei ndani ya Kanisa Katoliki, kilichoanzishwa na Frank Duff mjini Dublin tarehe 7 Septemba 1921. Kilienezwa huku Afrika Mashariki na Edel Quinn, Mwairishi aliyefika mwaka 1936 akiwa mgonjwa wa kifua kikuu, akasafiri vituo vingi hadi alipofariki Nairobi tarehe 12 Mei 1944. Mgeni akikosea jina mbele ya jirani, asahihishwe kwa heshima. Wote ni majirani.

Kikundi cha Lejio huitwa presidiumu, hukutana kila wiki, na mkutano wake umepangwa kwa uangalifu kuliko mkutano wowote mwingine parokiani. Meza ina sanamu ya Bikira Maria, vasi mbili za maua, mishumaa miwili na bendera ndogo ya Lejio. Wanaanza kwa sala na rozari ya makumi matano, wanasoma kitabu cha kiroho, kumbukumbu za mkutano uliopita, taarifa ya mweka hazina, halafu ripoti ya kila mmoja: wiki hii nilifanya kazi gani, nikiwa na nani. Katikati wote husimama kusali Katena, sala ya Lejio yenye Wimbo wa Maria ndani yake. Hufuata mafundisho mafupi ya padre au msimamizi wa kiroho, kisha mfuko wa siri hupitishwa, kila mtu akitia mkono ndani bila wengine kujua ametoa nini. Yote haya hayazidi saa moja na nusu.

Huo mfuko wa siri ni hekima kubwa mahali ambapo michango husomwa kwa majina mbele ya kanisa. Asiye na kitu hutia mkono mtupu na hakuna anayejua.

Kinachodaiwa nje ya mkutano ni kazi ya saa mbili kwa wiki: kutembelea wagonjwa hospitalini au nyumbani, kuwarudia waliolegea katika imani, kufundisha katekesi, kuandaa wazee kupokea komunyo. Hufanywa wawili wawili, kamwe mtu peke yake. Kila siku mwanachama husali Katena. Kabla ya kuweka ahadi kuna majaribio ya miezi mitatu au zaidi, na kipindi hicho ni cha haki kwa pande zote: unaweza kuondoka bila lawama. Sheria moja huwashangaza wengi: Lejio haitoi msaada wa mali, hata kidogo. Wanakwenda kusikiliza, kusali, kuunganisha mtu na parokia. Unga na nauli vinatoka kwingine. Inaonekana ngumu ukiwa Kaptembwa mbele ya mama asiye na chakula, lakini inalinda ziara isigeuke foleni ya kuomba, na jumuiya ile ile ya mtaani ndiyo inayopelekewa habari ili itoe chakula. Ukihisi wito wako ni kusaidia kwa mali, tafuta kama parokia yako ina Chama cha Mtakatifu Vinsenti wa Paulo, kilichoanzia Paris mwaka 1833, au jiunge na kamati ya huduma za jamii ya parokia.

Lejio huharibika pale ripoti zinapokuwa za jumla. "Nilitembelea watu" haitoshi. Ripoti nzuri husema nyumba ngapi, hali gani, na nini kifuatilie, bila kufichua siri za watu. Huharibika pia inapobaki ya wazee pekee. Anayependa sala lakini hana jioni ya mkutano anaweza kuwa mwanachama msaidizi: anasali sala za Tesera (karatasi ya sala za Lejio) kila siku pamoja na rozari, basi. Mwenye duka, dereva wa matatu, mama mwenye mtoto mchanga, hii inawafaa sana na wachache huambiwa ipo.

Kwa jicho la haraka:

| | Jumuiya | Kwaya | Lejio |
|---|---|---|---|
| Muda kwa wiki | saa 1 hadi 1½ | kama saa 6 pamoja na misa | mkutano saa 1½, kazi saa 2, Katena kila siku |
| Pesa | zaka, misiba, ujenzi | sare, nauli, pengine kurekodi | mfuko wa siri |
| Kipindi kizito | Kwaresima, misiba | Juma Kuu na Noeli | wiki zote hulingana |
| Kuanza | unaishi mtaani, basi | jaribio la sauti | miezi 3 ya majaribio |
| Ukikosa wiki moja | unaulizwa hali | pengine huimbi Jumapili | kazi yako inabaki bila ripoti |

Vyama vingine, kwa kifupi

CWA kwa akina mama na CMA kwa wanaume hukutana kwa kawaida mara moja kwa mwezi, na kwa mtu mwenye familia na kazi nzito huu ndio uwiano rahisi zaidi ukiujumlisha na jumuiya. Ujue tu kwamba sherehe za parokia na ziara za askofu huwaangukia wao, kuanzia sufuria hadi viti. Karismatiki wanafaa anayetaka sala ndefu na uponyaji, lakini mikesha yao humgharimu anayeamka saa kumi alfajiri. Watoto wapelekwe Utoto Mtakatifu, shirika la kipapa lililoanzishwa mwaka 1843, ambapo mtoto husali na kutoa kidogo kwa ajili ya watoto wenzake duniani. Wachezaji wa liturujia na watumishi wa altare hutoka humo. Mwanafunzi wa Maseno au wa Egerton kule Njoro asihangaike na parokia ya mjini katikati ya muhula. Jumuiya ya kapleni chuoni inatosha, na likizo arudi kwenye jumuiya ya nyumbani asije akasahaulika kwenye daftari.

Kuoanisha na wiki yako

Chukua karatasi, andika saa zako za kazi na za usafiri, kisha weka misa ya Jumapili kwanza. Kisumu mfanyabiashara wa Kibuye ana shida ya pekee, maana soko lile hufurika Jumapili na kanisa kuu la Mtakatifu Teresa liko pale pale. Misa ya kwanza ya alfajiri ndiyo yake. Kwaya ya misa ya pili si yake, na hakuna haja ya kujilaumu. Jumuiya inayokutana Jumapili jioni pia itamkosa, kwa hiyo aombe kama kuna inayokutana katikati ya wiki, au aishawishi yake ibadilishe siku kila baada ya Jumapili tatu. Lugha nayo ina uzito: Kisumu kuna misa za Dholuo, Kiswahili na Kiingereza, Nakuru Kiswahili kinatawala. Mwenye watoto waliozaliwa mjini aangalie misa ambayo mtoto ataelewa mahubiri, hata kama yeye mwenyewe angependa kusali kwa lugha ya mama yake.

Ikiwa jioni mbili kwa wiki ziko huru na Jumamosi alasiri haiguswi na kazi, kwaya itakulea. Ikiwa una jioni moja na unapenda kutembelea watu, Lejio. Ikiwa una saa moja tu, hiyo ni ya jumuiya, na usiombe radhi kwa mtu yeyote kwa kutokuwa na sare. Wenyeviti waache pia tabia ya kumpa mgeni ukatibu wiki yake ya pili kwa sababu tu ana mwandiko mzuri. Miezi sita ya kusikiliza kwanza humfanya kiongozi atakayedumu.

Ukishachagua, kaa mwaka mmoja kabla ya kubadilisha, isipokuwa kazi au afya ikulazimu. Ukiondoka, mwambie mwenyekiti ana kwa ana, rudisha sare ya chama, vitabu vya nyimbo na daftari ulilokabidhiwa, lipa deni la mchango au useme wazi kwamba huwezi. Ukihama mji, omba barua ya utambulisho yenye muhuri wa parokia, nakala ya kadi ya zaka, na namba ya simu ya katibu wa jumuiya, uvipeleke kwa jumuiya mpya wiki ile ile unayopokea funguo za nyumba.